Kiingilio ni bure, lakini mtu wa Kayole atarudi nyumbani saa ngapi?

Ukiona bango la shoo limeandikwa kiingilio bure unaona kama mambo ya usawa yameishia hapo, mwenye pesa na asiye na pesa wote wamekaribishwa, basi. Siku inafika, taa zinazimwa, na ukiangalia viti unapata ni watu wale wale: wanaokaa karibu, wenye magari, wanafunzi wa chuo kikuu kilicho hapo jirani, na wasanii waliokuja kuwaunga mkono wasanii wenzao. Viti vingine vitupu. Halafu hakosi mtu wa kusema, unaona, watu wa mitaa hawana haja na sanaa. Hayo maneno nayakataa kabisa na yananiuma, juu hao watu wa mitaa ndio wameipa Nairobi karibu kila kitu inajivunia, muziki wake, lugha yake, matatu zake, vichekesho vyake. Kwa hivyo nataka tufungue hili jambo polepole, manake lina mafundo mengi na wengi wetu, hata wenye nia nzuri, tumeshika fundo moja tu, la bei ya tiketi.

Tuanze na hesabu ya kawaida. Chukua msichana wa Kayole, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, tuseme ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi saluni na anapenda sana michezo ya kuigiza. Shoo ni Ijumaa, inaanza saa kumi na mbili unusu jioni, iko katikati ya jiji. Ijumaa jioni ndio saa wateja wanajaa saluni wakijitayarisha kwa wikendi, sasa akitoka mapema ameacha pesa mezani na pengine tajiri wake amekasirika. Haya, ametoka. Nauli ya kwenda. Jam ya Jogoo Road. Anafika shoo imeanza na mlangoni anaambiwa angojee kwanza. Shoo inaisha saa tatu usiku, pengine saa tatu unusu, na kutoka pale ukumbini Harry Thuku Road mpaka steji za Kayole ni kutembea jiji lote usiku huku ameficha simu, akifika anapata nauli imepanda kwa sababu ni usiku, na kama mvua imenyesha imepanda tena. Akishuka Kayole bado kuna kipande cha kuingia ndani, ama alipe boda ama atembee gizani. Na mamake hajalala, anamngoja.

Sasa jumlisha. Nauli kwenda, nauli kurudi, boda, kitu kidogo cha kula, wateja wenye amewaacha, na woga, na huo woga ndio ghali kuliko vyote. Hiyo ndiyo bei ya shoo ya bure. Mtu wa Kilimani naye, mtaa wa wenye magari upande wa magharibi, kwa shoo hiyo hiyo, amelipa dakika ishirini na mafuta kidogo. Tukisema wote wawili wameingia bure tunasema ukweli lakini nusu.

Na huyu msichana nimemtoa kichwani lakini wenzake ni wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Kaunti ndogo tatu peke yake, Embakasi, Kasarani na Njiru, zilikuwa na karibu milioni 2.4, yaani zaidi ya nusu ya jiji lote. Starehe, yenye imebeba katikati ya jiji, ilikuwa na 210,423. Westlands 308,854. Halafu angalia vile nyumba za sanaa zimekaa: Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo uko Harry Thuku Road, Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, ziko karibu karibu huko juu ya Loita Street, Makumbusho ya Kitaifa iko Museum Hill, na galeri nyingi za kuuza picha utazipata upande wa Lavington, Westlands na Rosslyn. Watu wako mashariki, majumba yako katikati na magharibi. Kila jioni jiji linawabeba watu kutoka kazini kuwapeleka mashariki, na sisi tunapanga shoo saa hiyo hiyo tukitaka waende upande ule mwingine.

Ukitaka kuona kwamba kuondoa tiketi peke yake hakumalizi kazi angalia Uingereza. Makumbusho ya kitaifa kule yaliacha kutoza kiingilio mwaka 2001, na kweli wageni waliongezeka sana. Lakini walipoanza kuangalia ni kina nani wanaingia, sura hazikuwa zimebadilika kiasi kilichotarajiwa, wengi walikuwa watu wa tabaka lile lile lililokuwa likienda tangu zamani, sasa wanaenda mara nyingi zaidi. Sisemi walikosea, mimi napenda sana makumbusho ya bure. Nasema tiketi ilikuwa kizingiti kimoja na nyuma yake kulikuwa na vingine.

Hii ramani ya Nairobi nayo haikujichora yenyewe. Wakoloni waliligawa hili jiji kwa rangi: Wazungu kule juu kwenye hewa safi na mashamba makubwa, Wahindi Ngara, Parklands na Pangani, Waafrika huku Eastlands, yaani mitaa ya mashariki, karibu na reli na viwanda, na mpango mkuu wa 1948 ukaja juu ya mgawanyo huo. Nyumba za sanaa zikafuata mkondo huo huo. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, ile yenye nguzo kubwa na simba wawili mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka 1958, halafu mwaka 1962 ikapewa baraza la jiji. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilitangazwa. Hebu fikiria, Eastlands watu wanatolewa majumbani usiku wakaguliwe kipande, ile pasi ya kikoloni, na ng'ambo ile jiji linafungua ukumbi wa kuigiza.

Uhuru ulikuja lakini funguo zilichelewa. Mwaka 1976, miaka kumi na mitatu baada ya bendera kupanda, kundi la Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walitaka kuonyesha igizo lao kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katika ukumbi wenye jina la taifa, wakalazimika kung'ang'ania siku, wakapewa siku chache tu zilizobanwa na shoo za kigeni. Siku hizo chache watu walijaa, na walipotoka waliimba na kucheza mpaka barabarani. Hiyo habari huwa naikumbuka kila nikisikia ati watu wetu hawaji ukumbini. Walikuja. Walipoona kitu chao walikuja.

Upande wa Eastlands serikali ya kikoloni ilijenga kumbi za mitaa. Pumwani kuna Memorial Hall. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ulipewa ukumbi wake na maktaba yake. Nia haikuwa sanaa hasa, ilikuwa kuwapa wafanyakazi mahali pa kupitisha wikendi chini ya macho ya serikali, lakini watu waliugeuza. Wanasiasa wa uhuru walikutana ule ukumbi wa Kaloleni sana mpaka ukaitwa House of Commons, kama bunge la Uingereza. Ngoma, dansi, mikutano ya vyama vya wafanyakazi, ndondi, harusi, yote yalipita kwenye kumbi za namna hiyo. Nataka ushike hapo kwa sababu tutarudi: Eastlands haijawahi kukosa kumbi kabisa. Ziko. Shida ni vile zinatunzwa na nani anazifungua.

Kabla ya hapo kuna fundo lingine, la mlangoni. Pale Archives, Nyaraka za Kitaifa, jengo lililokuwa benki zamani, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya, ndio mahali watu wa Nairobi hukutania. Tukutane Archives, kila mtu amewahi kusema. Mamia wanasimama hapo nje kila siku wakingojea wachumba, wakingojea madeni, wakikinga jua. Na ndani, kwa ghorofa ya chini tu, kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, vinyago, vitambaa, mapambo, silaha, vitu kutoka pembe nyingi za Afrika, moja ya hazina kubwa za sanaa tulizonazo. Kiingilio cha mwananchi ni pesa kidogo. Umbali ni hatua kumi kutoka mahali umesimama. Na bado wengi hawajawahi kuingia maisha yao yote. Hapo huwezi kulaumu nauli wala jam.

Ni nini basi? Kwa vile naona ni kwamba hakuna mtu amewahi kuwaambia hiyo nyumba ni yao. Mlangoni kuna askari na mashine ya kukagua, jina la jengo linasikika kama ofisi ya kutafuta stakabadhi, na tangu shule ya msingi umefunzwa ukiona askari na jumba la mawe ujue hapo lazima uwe na shida fulani ndio uingie. Galeri ni hivyo hivyo. Galeri nyingi za jiji hili hazitozi kitu kuingia, unaangalia picha na unaenda zako, lakini geti limefungwa, kuna kengele ya kubonyeza, askari anauliza unamtafuta nani, na mtu wa kawaida hajui kwamba jibu sahihi ni "nimekuja kuangalia picha tu". Mwenye amezoea analisema bila kufikiria. Mwenye hajazoea anageuka. Halafu lugha, bango la shoo limeandikwa Kiingereza cha mikutano ya hoteli, maelezo kwenye ukuta Kiingereza hicho hicho, kwa jiji ambalo watu wake wanaongea Kiswahili na Sheng kutoka asubuhi mpaka usiku. Na kwa mtu wa kiti cha magurudumu au kiziwi hata kabla ya hayo yote kuna ngazi, kuna matatu isiyosimama, kuna shoo isiyo na mkalimani wa lugha ya ishara, ijapokuwa kifungu cha 54 cha Katiba kinasema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa.

Linganisha na kibanda cha vidio cha Mathare. Mabati, benchi, televisheni moja, mlango ni pazia. Hakuna askari. Filamu ni ya Kichina au ya Kihindi lakini sauti ni ya DJ Afro, anasimulia kwa Kiswahili cha mtaa, anawapa wahusika majina ya huku kwetu, anaongeza utani, na kijana ambaye angepotea kwa maandishi ya chini ya skrini anafuata kila kitu. DJ Afro amefungulia watu wengi mlango wa sinema kuliko kumbi nyingi zenye viti vya velveti, hiyo naisema bila wasiwasi, na huwezi kumpata kwa ripoti za ufikiaji wa sanaa. Hata matatu. Nganya mpya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro, ikiingia steji ya Umoja au ya Rongai watoto wanakimbia kuiangalia, wanajua nani ameichora, wanabishana kuhusu rangi, wanaikosoa vile mtu wa galeri angekosoa mchoro. Sheria za marehemu waziri wa uchukuzi Michuki, zilizoanza kutekelezwa 2004, ziliweka mstari wa njano na michoro ikapigwa marufuku, halafu mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, na tangu hapo ni kusukumana tu na polisi, leo sawa, kesho msako. Hilo ndilo fundo gumu kuliko yote: nani anaamua hii ni sanaa na ile ni kero? Kama jibu linatoka sehemu moja tu ya jiji, hata ukiweka basi la bure kutoka Kayole bado hujaleta usawa, umewabeba tu watu kwenda kuangalia kitu mtu mwingine amewachagulia.

Ndio maana mimi huona kupata sanaa kuna pande mbili, kuangalia na kutengeneza, na huu wa pili tunausahau. Na mitaa haijangoja. Maasai Mbili wameanza Kibera mwaka 2001, vijana waliokuwa wakiandika mabango ya vibanda, wakageuza hiyo kazi ikawa uchoraji unaojulikana nchi za nje. Korogocho, karibu na jaa la Dandora, Ghetto Classics imefunza watoto violini na tarumbeta tangu 2008 kwa uwanja wa kanisa. Dandora yenyewe imetupa hip hop ya kundi la Kalamashaka. Mukuru, kule Lunga Lunga, kuna Wajukuu, kundi la wasanii waliojenga studio yao katikati ya mabati na kufunza watoto wa hapo, na mwaka 2022 walialikwa kwa maonyesho makubwa ya documenta kule Kassel, Ujerumani, wakapewa na tuzo ya Arnold Bode. Yaani mtu wa Ujerumani ameona kazi ya Mukuru kabla mtu wa Lavington hajaiona. Sijui kama kuna kitu kinaonyesha ramani yetu ilivyopinda kuliko hicho.

Hawa wote wanategemea nini? Wengi wanategemea wafadhili, balozi, mashirika ya nje. Nashukuru kwa dhati, bila Goethe na Alliance Française wasanii wengi wa Nairobi hawangepata jukwaa la kwanza, na GoDown, kituo cha sanaa kilichoanza 2003 kwa mabohari ya Dunga Road huko Industrial Area, kilikuja na tamasha la Nai Ni Who ambapo mitaa ndiyo inakuwa jukwaa na wakaaji ndio wanaongoza wageni. Lakini pesa ya mfadhili ina mlango wake pia. Inaombwa kwa Kiingereza kirefu, na bajeti za jedwali, na cheti cha usajili, na akaunti ya benki yenye sahihi tatu, na ripoti zenye maneno ambayo hakuna mtu huongea. Mwenye anajua kuandika anapata, mwenye anajua kuchonga anamwomba mwenye anajua kuandika. Mradi ni wa mwaka mmoja au miwili, ukiisha mwalimu wa ngoma anarudi kutafuta kibarua na watoto wanabaki wamekaa kwa ukuta.

Na hapa kuna jambo nataka kulisema kwa sauti kwa sababu linaumiza watu nawapenda. Tukiitisha kila kitu kiwe bure, nani anamlipa mwigizaji? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna. Anaambiwa atapata kujulikana. Msanii naye ni mtu wa Umoja, naye ana nauli ya usiku, ana landlodi. Sanaa ya bure yenye msanii hajalipwa ni mzigo umetolewa kwa mtu maskini ukawekwa kwa maskini mwingine, na hiyo siwezi kuiita haki. Bure kwa mtazamaji lazima iwe imelipwa na mtu mahali fulani. Kuna njia. Ghetto Classics, kwa mfano, imepata pesa kutoka kwa tamasha la jazz la Safaricom lililoanza 2014, mtu mwenye uwezo analipa tiketi ya jazz na mtoto wa Korogocho anapata mwalimu. Brazil wamefanya kubwa zaidi: tangu 1946 wana shirika linaitwa SESC, kampuni za biashara na huduma zinatoa asilimia 1.5 ya mishahara yao, na hiyo pesa inaendesha vituo vyenye ukumbi wa maigizo, maktaba, bwawa la kuogelea na chakula cha bei nafuu, mfanyakazi wa duka São Paulo anaona igizo zuri kwa pesa kidogo na waigizaji wamelipwa. Hawajangoja mfadhili. Waliweka kwa sheria na wakaendelea.

Sisi sheria tunazo pia, tena nzuri. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kinaiamuru serikali kuukuza kupitia fasihi, sanaa, sherehe za jadi, maktaba na kadhalika. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Cha 44 kinampa kila mtu haki ya kushiriki maisha ya utamaduni anaoutaka. Tatizo linaanza ukiuliza, sawa, nani anafanya? Ukumbi wa Kitaifa na Makumbusho ni za serikali kuu. KNLS, huduma ya maktaba ya kitaifa, ni shirika la serikali kuu. McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ni kaunti. Kumbi za mitaa ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti shughuli na vituo vya utamaduni, sinema, vidio, maktaba, makumbusho, michezo na bustani, na ukiisoma vizuri utaona hayo yote yako kwa aya moja na kamari, kasino na leseni za pombe. Naona hiyo aya imeacha alama kwa vile serikali zetu hufikiria. Pombe na kamari ni vitu vya kupewa leseni na kutozwa ada, na sanaa ikikaa nao kwa kapu moja inaanza kuonekana hivyo pia. Mwanasarakasi akisimama Aga Khan Walk, kanjo, askari wa kaunti, anamuuliza kibali. Kijana akitoa kamera barabarani, kibali. Mambo ya filamu bado yako chini ya ile Sheria ya Filamu na Maigizo, Sura ya 222, iliyotoka miaka ya 1960. Tuna mikono mingi ya kuzuia na michache ya kujenga.

Turudi kwa zile kumbi sasa. Mimi nikiulizwa pesa ya kwanza iende wapi, naanza huko, kabla ya jengo lolote jipya. Kujenga ukumbi mwingine mkubwa tao, katikati ya jiji, wakati zile za mtaani zinavuja ni kununua sufuria mpya na gesi imeisha. Na tuna ushahidi kwamba inawezekana: Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walipoingia mkataba na kaunti kufufua McMillan na matawi yake, walianza na yale madogo, Kaloleni na Makadara, kabla ya lile jengo la simba. Wakaziba paa, wakapanga vitabu, wakauliza wakaaji wanataka nini, na watoto wakarudi kusoma na kusikiza hadithi mahali wanaweza kufika kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Hakuna nauli hapo. Hakuna askari wa kuuliza unamtafuta nani. Mamako anajua uko wapi.

Ukumbi wa mtaa ukiwa na paa nzima, stima isiyokatika katikati ya shoo, choo kinachofunga, njia ya kiti cha magurudumu, spika nzuri na mtu mmoja aliyeajiriwa kuuendesha, umetatua nusu ya mafundo yote haya. Weka shoo Jumamosi saa nane mchana, watu warudi nyumbani na jua. Fundi wa taa wa tao aje Jericho, mtaa wa Eastlands, siku moja kwa mwezi, na kundi la Jericho lipande jukwaa la kitaifa siku nyingine, zote zilipwe. Ada ya kukodisha ukumbi iwe ndogo kwa kikundi cha vijana wanaofanya mazoezi kuliko kwa kampuni inayofanya mkutano, juu vijana wengi hufanya mazoezi nje kwa vumbi na ukumbi umefungwa kufuli pale pale.

Shule ziko hapa pia, haraka tu. Tamasha la muziki la shule lilianza 1927 na la drama 1959, na wasanii wengi wakubwa wa nchi hii walianzia hapo. Sasa kwa mtaala mpya sekondari ya juu ina njia tatu, moja ni ya sanaa na michezo, na wanafunzi wa kwanza wa gredi ya kumi wameingia Januari 2026. Si kila shule inatoa njia zote tatu, na shule ya kutwa ya mtaani bila piano, bila chumba cha kuchorea, bila jukwaa, haitaweza. Lakini ukumbi wa kaunti uko mita mia tatu kutoka shule hiyo na mchana hautumiki. Waziri wa elimu na gavana wanaweza kukubaliana hilo kwa barua moja.

Kuna saa ya kuyasema haya na wengi hatuijui, kwa hivyo niiweke wazi. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka unapelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kati ya hizo tarehe sheria inataka wananchi wasikizwe, na vikao hufanyika mara nyingi kwa hizo hizo kumbi za mitaa tunazozungumzia. Wanaofika huongea barabara, mitaro, taa na basari, na wana haki, lakini sanaa haitajwi kwa sababu wasanii hawapo na waliopo wanaona aibu kutaja ngoma mbele ya mtaro. Nendeni. Mkifika msiseme tunaomba kaunti ikuze vipaji, hiyo haiandikiki kwa bajeti. Taja ukumbi kwa jina, sema paa inavuja upande gani, uliza ukumbi ulikodishwa mara ngapi mwaka uliopita na pesa ikaenda wapi, uliza nani ana ufunguo, na uitishe jibu liandikwe kwa kumbukumbu za kikao pamoja na jina la MCA, mwakilishi wa wadi, aliyekuwepo.